Darubini ya Kapteni Haudi: Bei Aliyoitaja Mama Ayoo

Tulimwacha Mzee Revocatus Masele sebuleni kwa Mama Ayoo, Kirumba. Mkono wake ulikuwa juu ya darubini, na mkono wa Mama Ayoo ulikuwa juu ya mkono wake. Kikongwe yule alikuwa amemwambia hauzi darubini ile ng'o. Ila kuna kitu kimoja Masele anacho nyumbani kwake Kiseke. Akikitoa hicho, darubini aichukue.

Wiki nzima mmenipigia simu mkitaka kujua ni kitu gani. Wengine mmesema kiwanja. Kuna mmoja wa Igoma amesema ni mke. Jamani, bibi wa watu ana zaidi ya miaka themanini, mke wa mtu wa nini?

“Una mjukuu,” alisema Mama Ayoo. “Umesema mwenyewe ulipoingia, kwamba hukai sana kwa sababu mjukuu wako anatolewa nje leo.”

“Ndiyo, mama. Wa kiume. Kitovu kimedondoka jana.”

“Ameshapewa jina?”

“Bado. Mimi babu yake ndiye ninayengojewa.”

“Basi mimi nataka hilo jina.”

Masele aliutoa mkono wake taratibu. Alidhani hajasikia vizuri.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa maandazi, nitaeleza mara moja tu, maana na mimi nimechoka kurudia. Masele ni mstaafu, alikuwa msaidizi wa nahodha kwenye meli za ziwa letu. Tangu enzi hizo anakusanya vyombo vya zamani vya manahodha: dira, saa za meli, na vile vidude vya kupimia jua wanavyoviita sekstanti. Tena hachukui chochote tu. Lazima kiwe kilimilikiwa na ofisa anayejulikana kwa jina. Umletee dira nzuri ya dhahabu isiyo na mwenyewe, atakuambia rudi nayo.

Vya Kapteni Harwood anavyo viwili. Huyo alikuwa Mwingereza, aliongoza boti ya bunduki ziwani humu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Dira yake Masele aliipata Musoma, na sekstanti aliitoa Bukoba kwa taabu ambayo wasomaji wa tangu mwanzo mnaikumbuka. Ilibaki darubini. Kapteni aliiacha kwa mchochea moto wa boti yake, Mjaluo wa upande wa Shirati aliyeitwa Ogweno. Ogweno alipopata mtoto wa kiume baadaye akamwita Harwood, watu wakaona ulimi unachoka, wakamwita Haudi. Huyo Haudi ndiye aliyekuwa mume wa Mama Ayoo. Amezikwa mwaka jana.

“Anakuja,” alisema Mama Ayoo.

“Nani, mama?”

“Mzee wangu. Tangu tumzike anakuja usingizini. Anasimama pale mlangoni, hasemi kitu. Kwetu mtu akikujia hivyo anataka jina lake lishikwe na mtoto. Wanangu wa kike wameolewa, watoto wao wanapewa majina huko walikoolewa. Wa kiume nilikuwa naye mmoja, naye amekufa bila mtoto. Baba, mimi silali. Nakwenda kanisani nasinzia mpaka padri ananitazama.”

Alisema hayo bila kulia. Macho yake yalikuwa mekundu, na alipomaliza alipiga miayo kama mtu aliyetoka zamu.

Mjukuu wake, Princess, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, simu mkononi. Huyu ana meza yake ya dagaa pale soko la Mwaloni, na ndiye aliyeipiga picha darubini akaiweka mtandaoni.

“Bibi, acha mambo yako,” alisema Princess. “Kuna mtu anatoka Nairobi, anaingia kesho asubuhi kwa ndege. Yeye hana habari za majina. Anatoa pesa, anachukua.”

“Nimesema siuzi.”

“Basi mpe huyu babu mapema, maana yule akija na begi lake mimi sitaweza kunyamaza.”

Masele aliitazama ile darubini. Shaba yake ilikuwa imefifia, lakini jina lilisomeka vizuri: herufi za mkono, zimechongwa chini kidogo ya lenzi. Moyo ulikuwa unamuuma kwa kuitaka. Miaka yote hiyo hajawahi kukamilisha vyombo vya ofisa hata mmoja. Kila seti ilibaki na pengo, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka na mapengo.

“Tukiweka jina letu la kwanza, la pili tukaweka lenu?” aliuliza.

“La pili ni la kwenye cheti. Mimi nataka la kuitwa. Mtoto akilia aitwe nalo. Jioni akichelewa kurudi, aitwe nalo.”

“Naelewa.”

“Ila nakuuliza kitu, baba, na unijibu ukweli. Kwenu hakuna marehemu anayengoja kupewa huyu mtoto? Maana kama yupo, mimi sitaki kugombania mtoto na marehemu wa watu.”

Simu ya Masele ikaanza kutetemeka mezani. Kwenye kioo kulikuwa na jina la anayepiga: Mama Malimi.

Hapo, msomaji, nakuomba uweke chini chai yako. Mama Malimi ni Suzana, mke wa Masele. Malimi alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa akiwa kidato cha pili, homa ya uti wa mgongo, siku chache tu tangu aseme kichwa kinauma. Mwaka ule ule walipomzika ndipo Masele alipoleta nyumbani dira ya kwanza. Na huyu mjukuu, mtoto wa Ngosha mdogo wake Malimi, ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume. Tangu yuko tumboni Suzana alikuwa anajua ataitwa nani. Hakumwambia mumewe kwa sababu hakuona haja ya kumwambia jambo ambalo lazima na yeye analijua.

Na kweli alikuwa analijua. Aliigeuza simu kifudifudi.

“Hakuna,” alimjibu Mama Ayoo. “Hakuna anayengoja.”

“Hakuna kabisa?”

“Kabisa, mama. Ataitwa Haudi.”

Mimi ninayeandika nimemfuata mzee huyu toka sehemu ya kwanza. Nimemvumilia alipomdanganya mchungaji, nikamvumilia alipoiacha harusi ya mpwa wake ikiendelea akakimbilia Ukerewe kwa sababu ya kengele ya meli. Leo amenikata maini.

“Haya,” alisema Mama Ayoo, akainuka kwa kushika meza. “Princess, nitafutie kitenge changu kile cha kanisani.”

“Unakwenda wapi, mama?” Masele aliuliza.

“Kwako. Jina halitumwi kwa mtu. Nitasimama karibu, mtoto akilia nitamwita mimi mwenyewe. Akinyamaza, ujue amelipokea. Hapo ndipo nakukabidhi chombo chako.”

“Leo hii?”

“Nimekwambia silali.”

Masele alitaka kutangulia ili apate nafasi ya kuongea na mkewe. Princess alikuwa ameshaita bajaji. Wakajipanga watatu, darubini ikiwa imefungwa kwenye khanga mapajani mwa bibi. Njiani Masele alimwandikia Suzana ujumbe: Nakuja na wageni. Alitaka kuongeza maneno mengine, akaandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Bajaji ikaingia Kiseke ujumbe ukiwa ni huo huo.

Suzana alikuwa mlangoni. Alikuwa amesuka, amevaa gauni jipya, na mikono ilikuwa inanuka vitunguu. Wali ulikuwa umeshapakuliwa kwenye hotipoti. Jirani yao Hellen alikuwa anapanga viti uani.

“Nimekungoja tangu asubuhi,” alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini wageni wasisikie. “Sikuulizi ulikuwa wapi. Nimechoka kuuliza.”

“Mama Malimi, nina jambo...”

“Baadaye. Mtoto ana njaa ya jua.” Akamgeukia mgeni. “Shikamoo mama. Karibu sana, karibu ndani. Leo tuna mtoto.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.”

“Nimeshapoa. Miguu tu ndiyo haipoi.”

“Ya kwangu iliacha kupoa zamani.”

Wakacheka wote wawili. Suzana akamletea kiti chenye mto, akamvua viatu kwa mikono yake mwenyewe, akamletea maji ya kunawa. Hazikupita dakika nyingi walikuwa wanaongea kuhusu dawa za magoti kama watu waliokulia mtaa mmoja. 

Masele akamvuta Ngosha hadi nyuma ya jiko. Ngosha ni fundi umeme, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza baba yake hadi mwisho, mikono mifukoni.

“Baba, ukiwa hupo, mama anamwita huyu mtoto Malimi tangu Sabina ana mimba ya miezi mitatu.”

“Lakini halijatamkwa.”

“Wewe si ndiye wa kulitamka?”

“Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Ukimwandaa mama yako...”

“Simwandai.” Ngosha alitazama chini. “Mimi nimemfuata Malimi nyuma. Nimevaa suruali zake, nimesomea madaftari yake yaliyobaki kurasa. Chumba chake nilitakiwa nikihamie, ukaweka madira yako. Sikusema kitu. Nilitaka hili moja tu.”

“Mwanangu...”

“Fanya unavyotaka, Baba. Tumeshakuzoea.”

Akarudi uani. Masele alibaki pale. Bado alikuwa na nafasi, msomaji, nataka ulijue hilo. Angeweza kutoka, akamwita Mama Ayoo pembeni akamwambia, mama, nilikudanganya. Ni maneno mawili hayo. Badala yake alikwenda kunawa uso.

Sabina, mke wa Ngosha, akatoka na mtoto.

Walikaa duara uani, majirani kiasi, wazee wawili wa jumuiya ya kanisani, watu wa nyumbani. Sabina akampa babu mtoto mikononi. Desturi ya nyumba ile ni fupi: babu anasema jina, waliopo wanaitikia, kina mama wanapiga vigelegele, watu wanakula. Suzana alisimama mbele yake kabisa, viganja vimekutana chini ya kidevu. Alikuwa anatabasamu. Ngosha alimtazama mama yake hivyo akageuza uso ukutani.

Jua likampiga mtoto machoni. Akaanza kulia kwa nguvu zote.

“Haya, Baba Malimi,” alisema Hellen. “Sema, mtoto anaungua.”

Masele akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mama Ayoo aliona kimya kile akakichukulia kuwa ni ruhusa. Aliinuka, akamwinamia mtoto, akamwekea kivuli kwa kitenge chake. Akamwita kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa anamwitia mumewe chakula.

“Haudi. Haudi wuod Ogweno, mwana wa Ogweno. Umefika, mzee wangu. Umefika.”

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza papo hapo, akabaki amefumbua macho anamtazama bibi yule. Hellen alikuwa ameshaanza kigelegele, akakikatiza katikati. Mama Ayoo alifuta machozi, mabega yake yakashuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa na raha.

“Kamwita nani?” aliuliza Suzana.

Hellen alimtazama Masele.

“Baba Malimi, nakuuliza wewe. Huyu mama kamwita nani mtoto?”

“Haudi,” alisema Masele. “Anaitwa Haudi.”

Na hapo Princess, ambaye yeye alikuwa anafuata makubaliano tu, maskini, akaifungua ile khanga akampelekea Masele darubini. Masele alikuwa na mtoto mikononi. Akainyooshea mkono mmoja, akaipokea.

Suzana aliutazama mkono ule. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ameishi na mkono ule miaka mingi.

“Ndiyo hii?”

“Ndiyo hii, Suzana. Ni ya mwisho, nakuapia.”

“Zote zilikuwa za mwisho.” Alimchukua mtoto, akamrudisha kwa Sabina. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. “Kwa hiyo umelibadilisha. Umelitoa jina, ukapewa hii.”

“Mama Malimi, kaa chini kidogo,” Hellen alimshika bega. “Kaa, Mama Malimi.”

Mama Ayoo akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kuna kitu kilikuwa kimemkaa vibaya masikioni.

“Malimi ndiye yupi?” aliuliza. “Si ndiye huyu baba wa mtoto?”

“Mimi ni Ngosha, bibi.”

“Basi Malimi yuko wapi?”

“Yuko makaburini, mama,” alisema Suzana. “Ni mwanangu wa kwanza. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa alichukue jina lake. Nimemngoja miaka yote hii, leo ndiyo ilikuwa siku.”

Mama Ayoo alikaa kwenye kiti bila kukitazama. Princess akawahi kukisogeza asianguke.

“Nilikuuliza,” alimwambia Masele. “Nyumbani kwangu, darubini iko kati yetu. Nilikuuliza kama kuna marehemu wenu anayengoja. Ukaniambia hakuna. Nikarudia, ukaniambia hakuna kabisa.”

Wale wazee wa jumuiya wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho.

“Mama, mimi...”

“Mume wangu nimemwombea nafasi kwa watu. Sikumtuma aje kumsukuma mtoto wa mwenzangu mlangoni.” Alinyoosha mkono. “Nipe.”

“Lakini mtoto amenyamaza. Mama, ulisema akinyamaza unakabidhi.”

Eti anadai. Mbele ya mkewe, mzee huyu anadai.

“Amenyamaza, na jina sina namna ya kulirudisha. Mzee wangu ameshaingia, siwezi kumfukuza kama mpangaji. Lakini darubini ile aliachiwa baba yake na mtu aliyekuwa anamwamini. Wewe sikuamini. Princess, ichukue.”

Princess aliichukua. Masele hakuishikilia. Vidole vyake viliachia kimoja kimoja, na alipobaki mikono mitupu alionekana mzee kuliko Mama Ayoo. Asubuhi ile alikuwa na mjukuu asiye na jina na tumaini la darubini. Sasa mjukuu ana jina la mume wa mtu, na darubini inafungwa kwenye khanga irudi Kirumba, ambako kesho yule wa Nairobi anatua.

“Sikuweza, Suzana,” alisema.

“Hukuweza nini?”

“Kumwita Malimi. Kila akilia niseme Malimi. Kila asubuhi, Malimi amka. Nilifikiri nikipata jina lingine, lolote, ningepumzika. Darubini niliitaka, sikatai. Lakini hata bila darubini nisingeweza.”

Ni mara ya kwanza tangu mazishi Masele kulitaja jina lile mara tatu kwa mfululizo. Ngosha aliinua kichwa. Sabina alikuwa analia kimya kimya, mtoto kifuani.

Suzana alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile.

“Mimi naitwa Mama Malimi kila siku,” alisema. “Sokoni, kanisani, hapa mlangoni. Mtu akitaka kuazima chumvi ananiita Mama Malimi. Naitika. Hujawahi kuniuliza naitikaje.”



Mama Ayoo alianza kuinuka. “Twende, Princess. Nimewaharibia watu siku yao.”

“Mama, keti,” alisema Suzana.

“Hapana, mwanangu, acha niende.”

“Keti, nakuomba. Wewe hujakosa kitu. Mgeni wangu hatoki humu hajala, na wali uko mezani.” Alimwekea mkono begani mpaka akakaa. Kisha akamgeukia mumewe, akaokota kofia yake iliyokuwa kwenye kiti, akampa. “Wewe ndiye utatoka.”

“Niende wapi?”

“Sijui. Hata mimi sikuwahi kujua unakokwenda.”

Masele aliivaa kofia. Alimtazama Ngosha, Ngosha akatazama ukuta. Alitembea hadi getini, akashika komeo, akasimama hapo.

Nyuma yake mtoto akaanza kulia upya. Sabina alimbembeleza, akambadilisha bega, akampa ziwa, mtoto akalikataa. Alilia mpaka sauti ikakwama. Sabina akamtazama Suzana mkwewe, kisha akamtazama Mama Ayoo, akafungua mdomo, na ua mzima ulikuwa unangoja kusikia atamwita nani.